Labo ya pamoja ya chuo hapa Lubumbashi: frigo sawa, watu sawa, reaktifu njo shida

Wengi mnaniuliza kama labo ya pamoja ya utafiti ya chuo inafaa. Nianze na jibu sababu najua wengi hamtasoma mpaka chini: ndiyo, endeni. Kama uko kwenye spesialite, kama unatafuta data za doktora, kama wewe ni asistenti na profu wako amekuambia tu "jipange", hii labo ya pamoja pale upande wa hospitali ya chuo itakusaidia sana, ila usiende ukifikiri ni duka, eti unaleta tubu asubuhi unachukua rezilta jioni. Haiko vile. Jina lake siliandiki, kuna mambo nitalalamikia hapa na wale watu bado nawahitaji. Walioko Lubumbashi kwenye mambo ya afya watajua nasema wapi.

Kwa wasioelewa, labo ya pamoja si ile labo ya hospitali ambako mgonjwa anapimwa malaria na sukari. Hii ni ya utafiti. Badala ya kila dipartima kununua mashini yake halafu iifunike na nailoni mwaka mzima, mashini zinawekwa sehemu moja, kuna mafundi wanaozijua, watafiti wote wanapanga zamu na wanalipa kwa saa ao kwa sampuli. Marekani hospitali kubwa za vyuo ziko na labo za hivi kibao, moja ya kusoma DNA, moja ya darubini, moja ya kuhesabu seli, na NIH ya kule, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa afya, iko na programu nzima inaitwa S10 ya kusaidia vyuo kununua mashini za bei kali kwa sharti kwamba watafiti kadhaa wazitumie, si bosi mmoja na wanafunzi wake. Tena bei wanayotozwa watu wa ndani inatakiwa ifuate gharama yenyewe, labo haitakiwi kula faida juu ya pesa ya utafiti ya serikali. Sisi hapa S10 hatuna. Mashini zetu nyingi zilikuja na proje, proje ikaisha, wazungu wakaaga, mashini ikabaki. Ukishaelewa hilo utaelewa yote, mazuri na mabaya, nitakayosema.

Kazi yangu ni juu ya watoto wa SS, wale wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wa huku hamhitaji maelezo, karibu kila familia iko na mtoto wa SS ao inamjua jirani. Nahitaji vitu vitatu: elektroforezi ya emoglobini (kipimo cha kutenganisha aina za emoglobini), kutoa DNA, na mahali pa kuchunga plasma, ile maji ya damu, kwenye frigo ya nyuzi -80 mpaka nipate pesa ya kuipima. Kinachonihangaisha ni emoglobini F, ile ya mtoto akiwa tumboni, sababu dawa ya hydroxyurea inaipandisha na mtoto anaumwa kidogo kuliko zamani. Si maneno ya mtaani, ule utafiti unaoitwa REACH uliotoka mwaka 2019 ulifuata watoto 606 waliokunywa ile dawa Angola, Kenya, Uganda na hapa kwetu Kinshasa, na ukaonyesha kriizi za maumivu zinapungua, kuongezwa damu kunapungua, hata malaria na vifo. Sasa ukitaka kufuata watoto wako mwenyewe hapa Katanga lazima upime F vizuri, na ukipima vibaya unajidanganya wewe na mama ya mtoto.

Ukifika unaanzia kwa mama wa mapokezi. Fomu yake ni ndefu mpaka unachoka, lakini kuna swali moja pale katikati lilinifanya nimheshimu aliyeiandika: "Mtoto ameongezwa damu lini?" Maana mtoto wa SS akiwekewa damu ya mtu mwingine, kwa wiki nyingi utaona emoglobini A, ile ya kawaida, ambayo si yake, na ukisoma ile picha bila kujua utaandika mtoto ni AS, yaani anabeba tu bila kuugua, wakati ni SS mzima. Nimeshaona labo za klinike za mji zikitoa karatasi za hivyo, mzazi anarudi nyumbani anaimba, miezi inapita mtoto anarudi na kriizi. Hapa bila tarehe ya damu hawapokei, na kama ni chini ya miezi 3 wanakwambia rudi baadaye. Wengine wanaona ni usumbufu. Mimi naona ni kazi.

Nyuma ya mapokezi kuna yule mzee wanamwita Papa Shefu, na kwa maoni yangu ile labo njo yeye. Hakuna tubu inaingia bila kupita mkononi mwake. Anaichukua, anaiacha isimame, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha anaangalia rangi ya ile maji ya juu. Kama ni ya njano, sawa. Kama imeanza kuwa ya pinki, anakurudishia. Siku moja nikiwa kwenye foleni kuna daktari alikuja na sampuli kutoka Kasumbalesa, kule mpakani, mwezi wa kumi, mnajua joto la mwezi wa kumi, jasho linamtoka, na Papa Shefu akamwangalia kwa upole kabisa: "Dokta, hii damu inaisha kuharibika. Hatupokeake ya vile." Yule akapanda juu, eti Papa nimetoka nayo mbali, nimeiweka kwenye barafu tangu asubuhi! Mzee akafungua ile glasieri, lile boksi la baridi, akatoa tubu moja, akaonyesha namna ilikuwa imelala juu ya barafu yenyewe, imeshikana nayo. Damu ambayo haijatenganishwa ikigusa barafu inaweza kugeuka barafu, seli zinapasuka, kilichokuwa ndani kinamwagika kwenye plasma. Akakata kipande cha karatoni ya boksi ya glavu, akakiweka kati ya barafu na tubu, akasema tu, "Vile." Halafu akampa karatoni aende nayo.

Kwa sisi wa SS lile jambo ni kubwa mara mbili, sababu damu ya SS inapasuka yenyewe ndani ya mshipa, ni sehemu ya ugonjwa, basi ukileta plasma ya pinki hakuna mtu duniani atakwambia ile ni ya ugonjwa ao ni ya barabara ya Kasumbalesa. Potasiamu inapanda, LDH inapanda, unaandika kwenye memware "hemolisi kali", yaani seli za damu zinapasuka sana, na kumbe ni barafu.

Kitu kingine nilichopenda ni ile formasyo ya lazima. Hugusi mashini bila kufundishwa, hata kama uko na diploma za ukuta mzima. Wanaanza na pipeti: wanakupa maji safi, unachukua mikrolita 100, unaweka juu ya mizani, na mizani inatakiwa isome kama gramu 0.1, unarudia mpaka namba zako zikae pamoja. Inaonekana kama mchezo wa watoto. Nimemwona profu mzima pale namba zake zikipanda na kushuka, amevuta kidole haraka, hewa inaingia, na msichana wa miaka ishirini na kitu anamwambia "Profu, turudie," na profu anarudia. Nchi hii mimi sijaona mahali pengine profu anaambiwa arudie.

Sasa frigo. Hapa lazima niseme kidogo juu ya umeme, sababu mtu wa nje atajiuliza -80 inaishi namna gani kwenye mji wa delestaje, ule mgao wa umeme. Laini ya umeme ya bwawa la Inga inatembea kilomita 1,700 mpaka Kolwezi, iko tangu 1982, na ikifika huku migodi iko na kiu yake, sisi wa mji tunakunywa kilichobaki. Kwa hiyo labo iko na gurupu lake, yaani jenereta, iko na ondilere za kushika ile dakika kati ya umeme kukatika na gurupu kuwaka, na frigo zenyewe ziko na alarmu inayotuma SMS kwa watu wanne. Lakini kilichonipa imani si alarmu, ni daftari. Kwenye mlango wa kila -80 kuna daftari la kawaida la mwanafunzi limefungwa na kamba, asubuhi na jioni mtu anaandika joto na anasaini. Nililifungua nikarudi nyuma kurasa nyingi, nikatafuta uongo, unajua ule wa mtu anajaza siku tano kwa kalamu moja na mwandiko mmoja? Sikuuona. Kuna mahali pameandikwa -61 na chini yake "gurupu lilikataa, mazuti ilikuwa na maji, mlango haukufunguliwa". Mtu anayeandika aibu yake kwenye daftari la wazi, plasma yangu namwachia.

Tena kuna kitu kidogo watu hawafikirii, vumbi. Kati ya mwezi wa tano na wa tisa Lubumbashi karibu hainyeshi kabisa, vumbi jekundu linaingia kila mahali, linajaa kwenye kile kichungi cha chini cha frigo, mota inapumua vibaya, inachemka, na siku moja inakufa. Pale wanakitoa na kukipuliza kila wiki wakati wa kiangazi. Kuna frigo za mamilioni kwenye mji huu zimekufa sababu ya kichungi ambacho kinasafishwa na brashi.

Ukichunga sampuli wanakupa boksi la nafasi 81, tisa kwa tisa, unalipa kwa boksi kwa mwaka. Usiandike na fetri ya kawaida, itafutika, nunua zile etiketi za baridi hata kama ni ghali, na uache listi yako kwao pia, si kwenye simu yako tu.

Haya, tuje kwenye malalamiko, maana siandiki barua ya mapenzi.

Reaktifu. Ee Mungu wangu, reaktifu. Zile dawa za kupimia, hakuna anayezitengeneza huku, zinatoka Ulaya ao Afrika Kusini, zinapita uwanja wa ndege wa Luano ao zinapita mpaka wa Kasumbalesa, na kati ya kutoka kule na kufika kwenye frigo ya labo kuna karatasi, kuna forodha, kuna siku ya mapumziko, na boksi lililoandikwa "chunga kwenye 2 mpaka 8" limekaa chini ya bati. Hilo si kosa la labo. Kosa la labo ni kutokusema. Unauliza reaktifu ya ELISA, kile kipimo cha protini kwenye damu, itafika lini, wanajibu "iko njiani." Unauliza tena mwezi mwingine, iko njiani. Semeni tu kwamba hamjaagiza sababu mnangoja watu watano walipe! Mtu atapanga maisha yake.

Na kungoja kwenyewe kuko na sababu, nitaieleza sababu wao hawaielezi na wanafunzi wanafikiri ni roho mbaya. Sahani moja ya ELISA iko na vishimo 96. Unatoa 16 kwa ajili ya standadi, zile za kipimo kinachojulikana za kulinganisha nazo, nane mara mbili, vinabaki 80, na kila sampuli inapimwa mara mbili, basi sahani moja inapokea watu 40, kwisha. Ukija na sampuli 12 ao unalipa sahani nzima peke yako, ao unangoja mwenzako mwenye 28 anayetafuta kitu kilekile. Ni sawa na kungoja bisi ijae. Lakini hata dereva wa bisi anakwambia zimebaki nafasi ngapi! Wakiweka tu kwenye kikundi cha WhatsApp "sahani ya ferritini, nafasi 15 zimebaki", nusu ya kelele itaisha. Nimewapendekezea, wakasema wazo nzuri. Tunangoja.

Lalamiko la pili ni ile mashini ya kuhesabu seli kwa leza. Iko pale, nzuri, safi, imefunikwa. Haifanyi kazi. Ilikuja na proje na ilikuwa na mkataba wa matengenezo wa muda wa proje tu, leza ikahama kidogo, na wa kuirudisha mahali pake ni injinia wa kampuni anayetoka nje, tikiti, hoteli, viza, siku zake za kazi, hesabu mwenyewe. Sawa, inatokea, hata vyuo vya matajiri mashini zinakaa bila mkataba. Kinachonikasirisha ni kwamba bado iko kwenye listi ya bei. Bado! Mwanafunzi anaona bei, anaiweka kwenye protokole, komite ya etiki inapitisha, anachukua damu ya watoto, anafika pale ndiyo anaambiwa "ile ilikufa." Damu ya mtoto si kitu cha kuchukua bure. Futeni ule mstari, ni kazi ya dakika moja kwenye kompyuta.

Proforma nazo zinachelewa, ziko kwa dola, na zikitoka zinadumu muda mfupi kiasi kwamba mfadhili wako akijibu bei imeshabadilika. Wa ndani wanalipa karibu nusu ya wa nje, hapo sina neno. Mimi ningependa klinike za makampuni ya migodi zilipe hata zaidi, najua haitapendeza wote.

Kitu ambacho wengi hawajui wanakifanya, na wanakifanya vizuri, ni kusafirisha. Rafiki yangu mmoja anafuatilia kobalti na metali zingine kwenye mikojo ya watu wanaokaa karibu na migodi, ile njia iliyofunguliwa na watu wa chuo chetu pamoja na Wabelgiji, utafiti wao wa 2009 ulionyesha wanaokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodini ao viwandani wako na kobalti nyingi sana kwenye mkojo, halafu wa 2018 ukaenda mpaka Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe. Vipimo vile vinafanywa na mashini ya plasma ya argoni (hii si plasma ya damu, ni gesi ya moto mkali), inakunywa gesi na umeme mfululizo, labo yetu haina na mimi sioni kwa nini iwe nayo leo, umeme wenyewe huu. Basi sampuli zinaenda nje. Hapo njo wanakusaidia: mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya vyuo viwili, barua ya etiki, lile boksi la tabaka tatu lenye alama ya UN3373 ya sampuli za kibayolojia, barafu kavu yenye alama yake ya UN1845, na karatasi za shirika la ndege. Mtu mmoja akifanya peke yake kwa mara ya kwanza atazeeka.

Tena walimfundisha kitu sikukijua. Kwenye mji huu vumbi lenyewe liko na kobalti na shaba, kwa hiyo kikombe cha mkojo kikikaa wazi uani kwa muda mfupi unaweza kupima uwanja badala ya mtu. Wanasuuza vikombe na asidi ya nitriki, na pale nyumbani kwa mtu wanafungua kikombe kimoja chenye maji safi tu, kinakaa wazi muda uleule, kinafungwa, kinasafiri pamoja na vingine. Kile cha maji kikirudi na kobalti, unajua nyingine zote zimechafuka kwa kiasi gani. Rafiki yangu alisema aliona aibu kumweleza mzee mmoja wa Katuba kwa nini anachunga kikombe cha maji kwa heshima vile, mzee akamwambia, "Mutoto, fanya kazi yako, mie minaangalia tu."

Mengine haraka: WiFi inakuja na kwenda, choo kiko safi, parking hakuna. Kuna mtu wa takwimu siku mbili kwa wiki, anajua, lakini ukimletea data baada ya kumaliza kukusanya atakusikitikia tu, mwone kabla. Na mwishoni wanaomba uwataje kwenye shukrani za makala yako. Mimi nafikiri hiyo ni haki kwa aliyeendesha mashini, lakini yule aliyekaa wiki nzima kutafuta joto la PCR yako, kile kipimo cha kuzidisha DNA, mpaka ikakubali, huyo awe kwenye majina ya waandishi, na maprofu wetu wa hapa hilo hawapendi kulisikia.

Nyota nne kwa tano. Ile ya tano iko njiani.

Mkienda, nendeni Jumatatu ao Jumanne, Ijumaa santrifizi ya baridi, ile mashini ya kuzungusha tubu, inakamatwa na watu wa doktora tangu saa moja asubuhi. Fika na plasma kabla ya saa sita. Na barua ya komite ya etiki leteni orijinali na kopi, yenye muhuri, mama wa mapokezi haangalii PDF kwenye simu hata ukilia.